Aliniita kompyuta

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nacheza sataranji mtandaoni, zile za dakika 3. Juzi nilimtoa malkia kafara, nikamfungia mfalme wake pembeni. Mpinzani akaandika "kompyuta wewe!", yaani eti nasaidiwa na kompyuta, akaniripoti. Tangu hapo nikiona hatua nzuri naiacha, nisishukiwe. Silali.
– M., Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo pa kuiacha hatua nzuri ndipo paliponiuma. Unajifungisha ili mtu usiyemjua akuone mwema?

Mwaka 2006 kule Elista, Urusi, kwenye pambano la ubingwa wa dunia wa sataranji, kambi ya Topalov ililalamika kwamba mpinzani wake, Kramnik, anakwenda chooni mno, ikishuku anasaidiwa huko. Chooni, jamani! Choo chake kikafungwa, akagoma, akapoteza mchezo wa 5 bila kugusa kete. Ubingwa akauchukua vilevile.

Ripoti moja isikutishe: wakaguzi hupima michezo mingi, si kafara moja. Zima gumzo kabla ya kuanza, na usimjibu yule. Kisha mwite rafiki, mpangie ubaoni mchezo ule, mweleze ulimwonaje malkia. Ukisimulia kwa mdomo wako, utakumbuka ni akili yako iliyofanya kazi. Na saa 5 usiku, simu ibaki sebuleni.