Kuyapima kwa Maandiko Tunayoyaamini Kuhusu Pepo na Wokovu

Mkristo wa Mombasa huishi katikati ya sauti nyingi zinazomweleza habari za pepo na za wokovu. Yuko mhubiri anayesimama kwenye feri ya Likoni, ipo mikutano ya injili katika uwanja wa Tononoka, zipo redio zinazorusha maombezi usiku wa manane, na wapo majirani na wazee wa ukoo ambao nao wana maarifa yao kuhusu majini na koma, yaani roho za wafu wa ukoo. Katika kikundi chetu cha kujifunza Biblia, kinachokutana nyumba kwa nyumba huku Changamwe, nimesikia mambo mengi yakitajwa kwa uhakika kuwa "Biblia ndivyo isemavyo", lakini aya ilipoombwa, mara nyingi haikupatikana, au ilipatikana ikisema jambo jingine kabisa. Ushauri wangu ni mmoja: anza kwa kuyapima yale mafundisho yanayokutia hofu. Hayo ndiyo yanayowafunga watu kuliko mengine, na ndiyo ambayo wengi hawathubutu kuyauliza.

Kuuliza si upungufu wa imani. Luka anaandika katika Matendo 17:11 kwamba watu wa Beroya walikuwa waungwana kuliko wale wa Thesalonike, kwa kuwa walilipokea neno kwa uelekevu wa moyo, "wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo." Aliyekuwa akichunguzwa hapo ni Paulo mwenyewe. Ikiwa mtume alipimwa na wasikilizaji wake, na waliompima wakasifiwa, basi hakuna mchungaji wala nabii wa leo aliye mkubwa kiasi cha kutoulizwa aya yake. Yohana naye, katika waraka wake wa kwanza 4:1, anaagiza waamini wote wazijaribu roho. Hakuiacha kazi hiyo kwa wataalamu wachache.

Nianze na habari za bahari, kwa sababu sisi tumezungukwa nayo. Yapo mafundisho mengi juu ya ufalme ulio chini ya maji, wenye vyeo, masoko na mabibi arusi, ambao inasemekana huwafunga watu wa pwani wasifanikiwe katika ndoa na biashara. Nimejaribu kutafuta chanzo cha maelezo hayo, na karibu kila mara nimeambiwa kwamba yalitoka katika kinywa cha pepo aliyehojiwa wakati wa maombezi, au katika ushuhuda wa mtu anayesema alikuwa mjumbe wa ufalme huo. Hapo ndipo Mkristo anapaswa kusimama. Katika Yohana 8:44 Bwana Yesu anamwita Ibilisi mwongo na baba wa huo uongo. Inawezekanaje basi maneno ya watumishi wake yawe msingi wa mafundisho ya kanisa? Marko 1:34 inasimulia kwamba Yesu hakuwaruhusu pepo kunena. Kule kwa Wagerasi, katika Marko 5, aliuliza jina, akajibiwa kuwa ni Legioni, na habari ya jina ikaishia hapo. Yule mtu alipopona, alitumwa kwao kutangaza jinsi Bwana alivyomrehemu, wala hakutumwa kueleza mambo ya pepo waliomtoka.

Jambo linalonishangaza zaidi ni lile la Matendo 16. Kijakazi mwenye pepo wa uaguzi aliwafuata Paulo na wenzake akipaza sauti kwamba hawa ni watumishi wa Mungu aliye juu. Maneno yenyewe yalikuwa ya kweli, na hata hivyo Paulo alimwamuru pepo huyo amtoke. Ikiwa pepo anayesema kweli alinyamazishwa, sioni kwa nini sisi tumpe kipaza sauti. Kuhusu bahari yenyewe, Zaburi 95:5 inatosha: "Bahari ni yake, ndiye aliyeifanya." Mvuvi wa Kikristo anayetoka alfajiri na mashua yake hana haja ya kuomba ruhusa kwa mwingine.

Lazima pia tuseme kwa heshima kwamba tumeishi na jirani zetu Waislamu kwa vizazi vingi, na imani yao kuhusu majini ina utaratibu wake, ambamo wapo majini waumini na wasio waumini. Mkristo anapozungumza juu ya jini mwema anayeweza kufugwa au kupatana naye, hilo hakulitoa katika Injili, kwa maana Injili haimtaji pepo hata mmoja kuwa mwema, wala haionyeshi pepo akibembelezwa kwa ubani au kwa mnyama wa kuchinjwa. Hufukuzwa, basi.

Kwa Wamijikenda na wengine wengi wa pwani, swali la koma ni zito kuliko la majini, kwa sababu linawagusa wazazi waliotuzaa. Mtu huota ndoto, akamwona marehemu baba yake akilalamika, kisha ukoo ukadai mbuzi. Wakristo hawakubaliani juu ya hali ya wafu: wengine, kwa kutegemea Mhubiri 9:5, husema wafu hawajui neno lolote hadi ufufuo, wengine, kwa kutegemea habari ya Lazaro na tajiri katika Luka 16, husema wanajua na wanahisi. Sitaumaliza ubishi huo hapa. Ninachowaomba wasomaji wakione ni kwamba pande zote mbili zinaufunga mlango uleule. Ikiwa wafu hawajui neno, baba hajui kwamba mbuzi hakuchinjwa. Na ikiwa wanajua, tajiri wa Luka 16 aliomba mtu atumwe kutoka kwa wafu akawaonye ndugu zake, akajibiwa kwamba wanao Musa na manabii, wawasikilize wao. Sauli alipomtafuta Samweli kwa mwanamke wa Endori, katika 1 Samweli 28, alichopata ni habari ya kufa kwake kesho yake, na 1 Nyakati 10:13 inaihesabu safari hiyo kuwa sehemu ya kosa lililomwangamiza. Kumheshimu marehemu, kulitunza kaburi lake na kuwasimulia watoto habari zake ni jambo jema. Kumwogopa ni jambo jingine.

Kisha kuna laana za ukoo. Dada mmoja wa kikundi chetu aliambiwa katika maombezi kwamba hajaolewa kwa sababu ya laana ya nyanya yake, na kwamba kufunguliwa kwake kungehitaji sadaka maalumu, ambayo ingetumwa kwa simu kabla ya maombi kuanza. Aya aliyopewa ni Kutoka 20:5, isemayo kwamba Mungu huwapatiliza wana maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Tulipofungua Biblia pamoja, tulikuta kwamba sentensi haikomi hapo, inaendelea "cha wanichukiao", kisha inasema, "nami nawarehemu maelfu elfu wanipendao." Yeye anampenda Mungu, na hilo hakuna aliyelitilia shaka. Tukasoma Ezekieli 18 yote, sura ambayo iliandikwa mahususi kuwajibu watu waliodai kwamba wanateseka kwa zabibu kali walizokula baba zao, yaani kwa dhambi za baba zao, na ndani yake mna maneno haya: "mwana hatauchukua uovu wa baba yake, wala baba hatauchukua uovu wa mwanawe." Tukamalizia na Wagalatia 3:13, kwamba Kristo alitukomboa katika laana ya torati. Dada huyo aliuliza mbona alisomewa nusu tu ya sentensi. Hakutuma fedha.

Sikatai kwamba dhambi ya mzazi huwaumiza watoto. Baba aliyeuza shamba la familia kwa ajili ya ulevi amewaachia wanawe umaskini wa kweli, na hilo litahitaji kazi, msamaha na miaka. Ila hasara ya namna hiyo si deni la kiroho ambalo mtu fulani ana mamlaka ya kulikusanya. Kuhusu malipo, someni 2 Wafalme 5 mpaka mwisho: Elisha alikataa zawadi ya Naamani aliyeponywa ukoma, na Gehazi mtumishi wake alipoikimbilia zawadi hiyo kwa siri, ukoma wa Naamani ulimshika yeye. Bwana naye aliwaambia mitume waliotumwa kuponya na kutoa pepo, "mmepata bure, toeni bure." Wanaouza mafuta na maji ya upako hupenda kutaja leso za Paulo katika Matendo 19:12, na ni kweli kwamba zimeandikwa, lakini hazikuuzwa, na Luka anaziita miujiza ya kupita kawaida.

Kuhusu magonjwa nitasema kwa ufupi lakini kwa msisitizo. Mathayo 4:24 inawataja wenye pepo, wenye kifafa na wenye kupooza kila kundi kwa jina lake, maana yake mwandishi alijua kwamba si kila mgonjwa ana pepo. Paulo alimwacha Trofimo akiwa mgonjwa huko Mileto, akamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na akamtaja Luka kuwa tabibu mpendwa. Mtoto wako mwenye kifafa aombewe, na dawa zake za kliniki asikose hata siku moja.

Mafundisho ya wokovu nayo yana hofu zake. Nimewafahamu watu wanaorudia sala ya toba katika kila mkutano wa injili, kwa wasiwasi kwamba safari iliyopita hawakuyatamka maneno sawasawa. Sala hiyo si mbaya, lakini Maandiko hayana maneno maalumu ya kuokoka. Mtoza ushuru alisema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," akashuka nyumbani amehesabiwa haki. Mlinzi wa gereza la Filipi aliambiwa amwamini Bwana Yesu. Mhalifu msalabani aliomba akumbukwe tu, akaahidiwa kuwa peponi siku hiyohiyo. Waefeso 2:8 inaeleza sababu: tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, nayo "ni kipawa cha Mungu". Asiyeelewa hilo ataendelea kutafuta kitu cha kuongezea, na wapo watakaomwonyesha.

Sisi wa pwani tuna sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Tangu Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 imefukuliwa, ya watu walioamini kwamba kufunga hadi kufa kungewapeleka kwa Yesu, na miongoni mwao walikuwamo watoto ambao hawakuchagua lolote. Fundisho la namna hiyo lingeweza kupimwa kwa 1 Timotheo 4, ambapo Paulo anatabiri watu watakaosikiliza "roho zidanganyazo, na mafundisho ya mashetani", na papo hapo anataja alama zake, mojawapo ikiwa kuwaamuru watu wajiepushe na vyakula ambavyo Mungu aliviumba vipokewe kwa shukrani.

Kwa hiyo, unapopewa fundisho, omba aya, kisha usome sura nzima. Uone nani anasema na nani. Utafute mahali pengine panapozungumzia jambo hilohilo. Ulinganishe tafsiri ya mwaka 1952 na Habari Njema ukikwama. Ukizungumza na Mkatoliki juu ya kuwaombea wafu, kumbuka kwamba Biblia yake ina vitabu 73 na ya Mprotestanti ina 66, msije mkabishana usiku kucha juu ya kitabu ambacho mmoja wenu hana. Na ukigundua kwamba kiongozi wako amefundisha lisiloandikwa, usimwaibishe mbele ya ibada wala kumtangaza katika makundi ya simu. Priska na Akila walipomsikia Apolo akifundisha kwa bidii huku akiujua ubatizo wa Yohana tu, walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Nenda kwake siku ya kawaida, na Biblia yako mkononi, umwombe msome pamoja. Akikubali, umempata ndugu. Akikataa kuifungua, au akikutishia laana kwa sababu umeuliza, una ruhusa ya Maandiko kutafuta mahali pengine pa kuabudu.