Kabla Mradi wa Mtoto Haujawekwa Hadharani

Mwalimu anayeanza kuwafundisha watoto kutengeneza katuni kwa bloku za programu, yaani vipande vya amri vinavyounganishwa kwenye skrini, huhangaikia zaidi yale yatakayowafikia kutoka mtandaoni, yaani matusi, picha mbaya na watu wenye nia ovu, na ana haki ya kuhangaika. Hata hivyo, kwa uzoefu wangu, sehemu kubwa ya kazi ya usalama hufanyika mradi ukiwa bado haujachapishwa, kwa kuwa hatari iliyo karibu zaidi ni kile ambacho mtoto mwenyewe amekiacha ndani ya mradi bila kujua kwamba kinaonekana.

Scratch, programu ya bloku yenye jumuiya ya mtandaoni, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2007 na watafiti wa MIT Media Lab, ilijengwa juu ya wazo kwamba watoto hujifunza kwa kufungua kazi za wenzao na kuziendeleza. Kwa hiyo mradi ukishachapishwa, mtazamaji haishii kwenye jukwaa, yaani eneo la skrini ambamo katuni huchezwa. Hubofya kitufe kimoja tu cha kutazama ndani akaona kila bloku, kila vazi (yaani kila picha) la kila kikaragosi, yaani kila mhusika wa katuni, kila mandhari na kila sauti, hata zile zisizotumika popote. Mtoto wa miaka 9 hawazi hivyo. Kwake yeye, kikaragosi alichokificha kwa bloku ya kuficha hakipo tena.

Chukueni mfano wa katuni ya salamu za siku ya kuzaliwa. Mtoto alianza kwa kujipiga picha kwa kamera ya kompyuta ili sura yake iwe vazi la kikaragosi, picha haikumpendeza, akachora puto mahali pake na kuendelea na kazi. Ukiicheza katuni, unaona puto tu. Ukifungua kichupo cha mavazi, picha ipo palepale, vazi la kwanza, na ukutani nyuma ya kichwa chake inasomeka ratiba ya masomo yenye jina la shule. Kwenye kichupo cha sauti kuna rekodi alizozikataa, na katika mojawapo mtu mzima anasikika akimwita kwa jina lake.

Ukaguzi, basi, ufanyike kwa utaratibu uleule kila mara. Keti na mtoto, mfungue kikaragosi kimoja kimoja kwenye orodha iliyo chini ya jukwaa, vikiwemo vilivyofichwa, na kwa kila kimoja mpitie vichupo vyote vitatu: msimbo (bloku zake), mavazi na sauti. Rekodi zisikilizwe mpaka mwisho, kwani maneno yasiyotakiwa hujificha kwenye sekunde za mwisho, mtoto anapokuwa amesahau kuzima maikrofoni. Kisha mfungue jukwaa lenyewe, ambalo nalo lina mandhari na sauti zake, na ambalo wageni wengi hulisahau. Msome pia majina ya vigeu, yaani nafasi ambamo programu huhifadhi thamani kama alama za mchezo, na maelezo yaliyobandikwa kando ya msimbo. Kipanya kishikwe na mtoto, si na wewe, maana anayefuta kwa mkono wake hukumbuka safari ijayo bila kuambiwa. Wala msidhani kwamba kumtumia jamaa faili badala ya kuchapisha kunaondoa haja ya ukaguzi huu: faili ya .sb3, ambamo Scratch huhifadhi mradi, hubeba picha na sauti zote za mradi, zilizotumika na zisizotumika.

Baada ya hapo yanabaki maandishi yanayoandamana na mradi. Watoto wengi huandika jina kamili, shule na darasa kwenye nafasi ya maelezo, na hawastahili kukaripiwa kwa hilo, kwa sababu ni sisi tuliowazoesha kuandika jina juu ya kila karatasi wanayotukabidhi. Waelezeni tu kwamba hapa jina la mtumiaji linatosha. Jina hilo nalo lisiwe na jina halisi, mwaka wa kuzaliwa wala shule, na lichaguliwe kwa utulivu, kwani katika Scratch halibadilishwi baadaye. Umri uandikwe ule wa kweli. Huduma nyingi huuliza umri na kutaka barua pepe ya mzazi kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu faragha ya watoto mtandaoni inawalinda walio chini ya miaka 13. Mtu mzima anayemwongezea mtoto miaka ili kuharakisha usajili anamwondolea kinga hiyo yeye mwenyewe.

Si kila mradi lazima uende hadharani. Mara nyingi mtoto anayesema anataka watu waione katuni yake ana watu watano akilini, na hao wanaweza kuiona kwenye kompyuta ileile. Kwa walio kati ya miaka 5 na 7, ScratchJr, programu ya aina hiyohiyo kwa watoto wadogo, inafaa zaidi, kwa kuwa haina jumuiya ya hadharani kama ile ya Scratch. Kwa darasa zima, ombeni akaunti ya mwalimu, ambayo huwawezesha kuunda akaunti za wanafunzi na kufuatilia shughuli zao.

Kuna jambo moja ambalo mtoto alielewe kabla ya kuchapisha, si baada yake. Miradi inayochapishwa kwenye Scratch hutolewa kwa leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya wazi ya matumizi, inayowaruhusu wengine kuirekebisha ilimradi wamtaje mwenye kazi. Anaweza kuuondoa mradi wake hadharani wakati wowote, lakini nakala ambazo wenzake wamekwisha kuzirekebisha hubaki kwao.

Kuhusu maoni ya watazamaji, msimamo wangu ni kuyafunga kwenye miradi ya watoto wadogo, na kuyaacha wazi kwa wakubwa ikiwa kuna mtu mzima atakayeyasoma, kwa kuwa sifa na ukosoaji wa wenzao huwafundisha mengi ambayo mwalimu hawezi. Scratch haina ujumbe wa faragha. Kwa hiyo mtu anayetaka kuzungumza na mtoto kwa siri hana budi kumwomba wahamie kwenye programu nyingine, na ombi hilo peke yake, hata likiambatana na sifa tele, linatosha kuwa sababu ya kutojibu, kubofya kitufe cha kuripoti na kumwita mtu mzima. Watoto huficha mambo haya hasa kwa kuogopa kunyang'anywa akaunti, hivyo waambieni mapema, na wazazi wao wakisikia, kwamba atakayekuja kuonyesha ujumbe wa namna hiyo ataendelea na mradi wake siku hiyohiyo.