Barua kwa mwanangu: kuhusu ile sapu ya anatomia

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu, na baba yako nimemsomea akiwa mezani. Umeuliza jambo moja: umepata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya Anatomia na Fiziolojia, somo la maumbile ya mwili na utendaji wake, alama 3 ndizo zilizokukwamisha, je, uirudie Septemba au uhamie famasia kabla hujadisko, yaani kabla hujaondolewa chuoni? Kwenye simu nitakukatiza maneno, unanijua, kwa hiyo naandika.

Nianze na lile ulilomalizia kwa hasira, kwamba sodiamu inaingia, potasiamu inatoka, wodini itakusaidia nini. Chukua pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari anayokorogewa mtoto anayeharisha. Watu wengi wanadhani sukari imewekwa humo ili mtoto asikatae kunywa. Sukari imewekwa kwa sababu kwenye ukuta wa utumbo kuna mlango ambao sodiamu ya ile chumvi na glukosi, yaani hiyo sukari, hupita pamoja, na sodiamu ikipita, maji hufuata. Mlango huo haufungwi hata mtoto akiwa anaharisha maji matupu. Wangapi wamepona kwa mlango huo! Na wewe unauita mambo ya kukariri.

Sawa, sikugombezi. Mwili husomwa kwa vidole, nimekwambia tangu unaogea kwenye beseni. Unakumbuka mkeka wa barazani, wewe na kaka yako mkigombania nani awe mgonjwa, nani ahesabu mbavu? Wakati ule hukuhitaji kuambiwa faida yake.

Kuna mtoto sijawahi kukusimulia. Kaka yako anajua nusu, baba yako anajua yote.

Ilikuwa 1989, mwaka wangu wa mwisho wa masomo ya uuguzi, wodi ya watoto, masika, kila kitanda watoto wawili. Malaria kali siku hizo dawa yake ilikuwa kwinini. Dripu zilipokwisha tuliichoma kwenye nyama. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimeandika kwenye mtihani, na mchoro wa wino mwekundu juu yake: gawa kalio mafungu manne, choma fungu la juu upande wa nje, kwa kuwa neva ya siatiki, nene kuliko zote mwilini, inatokea kwenye nyonga na kushukia pajani chini ya hapo. Nilipata 18 kati ya 20. Mwalimu alilisoma jibu langu mbele ya darasa.

Mtoto alikuwa wa miaka minne, amevaa bukta ya kijani, anafurukuta mapajani kwa mama yake. Nami badala ya kuishusha ile bukta nikapandisha pindo lake. Unaelewa nilichofanya? Niliona nusu ya chini ya kalio. Nikaigawa kwa macho mafungu manne, nikachoma juu upande wa nje wa hiyo nusu. Kidole changu hakikuitafuta ncha ya mfupa wa nyonga wala ile nundu ya mfupa wa paja inayojitokeza pembeni. Mtoto alipiga ukelele ambao haukuwa wa sindano. Niliusikia, nikaendelea kusukuma dawa.

Asubuhi mama yake akaniambia, "Nesi, mguu haukanyagi." Wayo ulikuwa unaning'inia. Akitembezwa anainua goti juu kama anayevuka tope, vidole vinaburuzika sakafuni. Daktari akapita, akaandika kwenye faili: polio, na alama ya kuuliza. Polio ilikuwapo bado, wala hakuna ambaye angemshangaa.

Mwanangu, ile alama ya kuuliza ilikuwa mlango wangu wa kutorokea. Nilijua hivyo palepale.

Zamu ya usiku nikachukua pamba na njiti ya kiberiti. Mtoto amelala, nikampitishia pamba mguu usiougua: hakuamka, hakushtuka. Mguu mbovu, kuanzia muundi kwa nje mpaka mgongo wa wayo, nikamchoma kidogo kwa njiti: kimya. Wayo wa pili nikauchoma vilevile, akauvuta na kulia. Basi nikajua. Polio huua chembe za neva za misuli ndani ya uti wa mgongo, zile za hisia haizigusi. Anayepooza kwa polio huisikia njiti. Huyu alikuwa amepoteza nguvu na hisia pamoja, nazo husafiri pamoja kwenye neva moja tu ninayoijua hapo, ile niliyoichora kwa wino mwekundu. Somo lililonipa 18 ndilo lililonishtaki, saa nane za usiku, hakuna shahidi.

Nilikaa na jambo hilo siku moja na nusu. Hiyo siku moja na nusu ndiyo inayoniuma mpaka leo, kuliko sindano yenyewe. Kisha nikamwambia sista wa zamu, naye akanipeleka kwa daktari, ambaye alifuta neno polio. Kwa mama wa mtoto nilikwenda mwenyewe. Hakunitukana. Aliuliza, "Utapona?"

Nikamjibu kwa fiziolojia, sikuwa na kingine. Neva iliyoumizwa, kama ala yake haikukatika, huota tena takriban milimita moja kwa siku. Nikaazima futi ya fundi cherehani, nikapima kutoka kwenye alama ya sindano mpaka msuli wa mbele wa muundi: sentimita 24. Siku 240. Nikaziandika. Tukamfunga banzi la kushikilia wayo, nikamfundisha mama kumnyoosha asubuhi na jioni, na kila mwezi alimleta.

Mwezi wa saba, hakuna. Mwezi wa nane nikaweka kidole mbele ya kifundo, nikamwambia ainue. Wayo haukunyanyuka hata kidogo, aliyetazama kwa macho angesema bado. Lakini chini ya kidole changu kano ilijivuta. Nyembamba kama uzi wa kushonea gunia, ikajivuta, ikaachia. Mara tatu. Nililia mbele ya foleni yote ya kliniki. Mwili husomwa kwa vidole.

Walihama mwaka uliofuata. Sijui kama alikuja kutembea sawasawa.

Sasa unaona ninakoelekea, na mimi naona, ndiyo maana nasita. Nikisema rudia, huenda namjibu yule mtoto wa bukta ya kijani na si wewe. Tena famasia si kukimbia. Kwinini ile ilikuwa miligramu 300 kwa kila mililita, kali, ilitakiwa ipunguzwe hadi 60 kabla ya kuingia kwenye nyama. Mfamasia angekuwapo siku ile angenishika mkono. Na huko pia fiziolojia inakungoja mlangoni, usidanganyike. Lakini vidole vyako! Nani alimgundua babu yako mapigo ya moyo yanayoruka, kama si wewe ukiwa kidato cha pili? Hapana, nimeshaanza. Baba yako anapita nyuma yangu anakohoa, maana nilimwahidi sitakuamulia. Jibu ninalo, limejaa mdomoni. Sitaliandika.

Nimempa kondakta wa basi la asubuhi daftari langu la 1989, limefungwa kwenye khanga ya bibi yako. Fungua ukurasa wenye wino mwekundu. Kisha kaa kitandani, weka kidole mbele ya kifundo chako, inua wayo, uisikilize ile kano. Ifuate mpaka msuli wake, neva yake, mpaka kwenye jozi ya nne na ya tano ya neva za kiunoni inakotokea. Ukifika huko nipigie, saa yoyote.

Khanga nirudishie.

Mama yako