Wanahesabu kilomita, mimi nahesabu mlima

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Ni kitu gani katika kazi yako ambacho anayekulipa hakioni?" Mimi nasambaza vifurushi kwa baiskeli hapa Iringa, huu mwaka wa sita. Jibu langu ni mlima wa Ipogolo.

Asiyeijua Iringa aelewe kwanza kwamba barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya haipiti mjini. Inapita bondeni, upande wa Mto Ruaha Mdogo, na mji umekaa juu. Mizigo inashushwa huko chini, Ipogolo. Wateja wako Miyomboni, Mashine Tatu, Kihesa. Kati yao na mzigo wao kuna mlima, na mlima huo ndio kazi yenyewe.

Basi linaloleta mzigo halikai. Utingo anakukabidhi boksi lenye jina na namba ya simu, nami nalikagua palepale, maana likiondoka, kilichovunjika ni deni langu. Kisha nafunga kwenye keria kwa mipira ya tyubu kuukuu. Kizito nakiweka karibu na siti. Ukikiweka nyuma kabisa, kwenye mwinuko gurudumu la mbele linanyanyuka na usukani unakutoka. Nikiwa na mzigo mkubwa sipandi baiskeli kabisa. Naisukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye siti, malori yakinipita begani.

Kushuka nako ninakuogopa zaidi kuliko kupanda, ingawa keria ni tupu. Mvua ikinyesha raba za breki hazishiki rimu iliyolowa, kwa hiyo naanza kubana mapema, kidogo kidogo, kabla mwendo haujakolea. Raba nabadilisha kabla hazijaisha. Hapo sibani matumizi hata kama sijapata kitu siku hiyo.

Ndiyo maana nikitaja bei na mtu akaniambia, "Si hapo chini tu?" huwa naumia. Kwa macho ni karibu kweli. Lakini kilo 5 na kilo 30 haziwezi kuwa na bei moja kwenye mlima ule, na kuteremka kwenda Ipogolo si sawa na kutoka Ipogolo.

Kuna mama mmoja wa Kihesa mwenye mashine ya kusaga. Siku moja mashine ilikuwa imesimama, watu wamepanga ndoo za mahindi tangu asubuhi, nami nikamletea vipuri: nyundo, chekeche na beringi, chuma kitupu. Alitaka kukishusha kifurushi mwenyewe, kikamshinda. Akanitazama. "Mwanangu, umepanda na hiki?" Aliongeza hela bila mimi kusema neno, na kabla sijaondoka akaniletea maji ya kunywa.

Siku hizi akinipigia anaanza na uzito: "Kamwene, mwanangu. Leo ni kama kilo 20. Utauweza mara moja, au niwaambie waugawe?"