Dakika ya Kwanza ya Filamu Fupi

Filamu yangu fupi ya kwanza ilikuwa ya dakika 12, na karibu dakika 2 kati ya hizo ziliteketea kabla hadithi haijaanza: droni ikizunguka juu ya mabati ya mtaa, majina ya waigizaji yakipita, kisha mhusika mkuu akiamka, akipiga mswaki na kufunga vifungo vya shati. Siku ya kuionyesha niliketi nyuma, nikaona simu zikianza kuwaka ukumbini kabla mhusika hajatamka neno. Wewe unayeanza kazi hii, nakusihi usiipite njia hiyo, kwa sababu katika filamu ya dakika 10, dakika moja unayoichezea ni sawa na dakika 9 za filamu ya saa moja na nusu.

Anzia pale ambapo jambo limekwisha kuharibika. Katika filamu iliyofuata tulianza na mkono wa mama ukigeuza vitumbua kikaangoni alfajiri. Simu inatetemeka kando ya bakuli la mchele uliosagwa. Mama anatazama jina la anayepiga, anailaza kifudifudi, anarudi kwenye vitumbua vyake, na kimoja kinaungua mbele ya macho yake. Hakuna aliyesema lolote, lakini mtazamaji tayari anataka kumjua huyo anayepiga. Mswada wa awali ulimleta jirani mlangoni kuuliza, "Bado hujamlipa mwenye nyumba?" Tuliifuta sentensi hiyo, maana ilitoa jibu kabla swali halijamkaa mtazamaji moyoni.

Sauti nayo huweza kutangulia picha. Sisi tuliwasikilizisha watu mafuta yakichemka kwa sekunde 3 skrini ikiwa nyeusi, na macho yao yakawa yanaisubiri picha.

Jihadhari, hata hivyo, na vishindo vya kukopa. Ukifungua kwa mlio wa bunduki au gari kupinduka ilhali hadithi yako inahusu kodi ya nyumba, umemhadaa mtazamaji, naye hatakuamini tena.

Mkiwa kwenye uhariri, ondoeni picha ya kwanza, kisha mwonyesheni filamu mtu ambaye hajausoma mswada. Asipopungukiwa na kitu, iacheni nje, mjaribu na ya pili. Sisi tulikata mara tatu ndipo tukaufikia ule mkono, na majina ya waigizaji tukayapeleka mwishoni.