Ukisafiri, nenda ukayaone magari ya kale, lakini nenda na gari moja kichwani

Ndugu mmoja wa Lindi ameuliza kama inafaa mtu anayesafiri kwa shughuli zake, Dar es Salaam au nje ya nchi, atenge siku nzima kwa ajili ya kutazama magari ya kale, na ni kwa njia gani anaweza kuingia katika mikusanyo ya watu binafsi ambayo haina kibao wala tiketi. Nimefanya kazi ya ufundi wa magari hapa Mtwara kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kila nilipopata safari nimeyatafuta maeneo hayo, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona. Inafaa sana, ila uende ukiwa umechagua gari moja unalolijua kutoka nyumbani, kwa sababu anayeingia kutazama kila kitu hutoka akikumbuka rangi tu.

Kwa sisi watu wa Kusini, gari hilo ni Land Rover, iliyobeba wagonjwa, walimu na magunia ya korosho katika njia za mchanga za Newala na Tandahimba kabla lami haijafika. Katika Makumbusho ya Magari ya Uingereza yaliyopo Gaydon imehifadhiwa Land Rover yenye namba HUE 166, mojawapo ya zile za mwanzo kabisa za mwaka 1948. Wageni wengi huipiga picha kwa mbele wakaendelea na safari yao. Mimi niliinama nikatazama mahali bodi inapokutana na chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, kwa kuwa hapo ndipo lilipo jambo linalotuhusu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilikuwa kikitolewa kwa mgao nchini Uingereza, ndipo kampuni ya Rover ikaunda bodi kwa aloi ya aluminiamu na kubakiza chuma katika chesisi. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu, lakini inapogusana na chuma penye unyevu wa chumvi, metali hizo mbili huzalisha mkondo mdogo wa umeme, na aluminiamu huanza kulika na kugeuka unga mweupe. Fundi yeyote aliyewahi kufungua milango ya gari lililolala miaka mingi kando ya bahari, iwe Mikindani au Kilwa, ameuona unga huo, na ameona pia chesisi iliyooza kuanzia ndani huku nje ikionekana nzima. Nilipoyatazama maungio hayo kwenye gari lililotunzwa mbali na bahari, ndipo nilipoweza kutenganisha udhaifu wa muundo na kazi ya hewa yetu.

Si lazima uende Ulaya. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na pantoni ya Rufiji ikaachwa, safari ya Dar es Salaam imekuwa nyepesi, na katika Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, kuna Rolls-Royce iliyotumiwa kwanza na serikali ya kikoloni kisha na Mwalimu Nyerere. Simama hapo kwa muda. Nasema hivyo kwa sababu sijaona kitu kingine kinachoonyesha makabidhiano ya madaraka kwa uwazi kama kiti kile cha nyuma.

Ukifika Cape Town, tenga siku kwa ajili ya Franschhoek, ambako katika shamba la mizabibu la L'Ormarins kuna mkusanyo wa familia ya Rupert wenye magari zaidi ya 200, ingawa yanayoonyeshwa kwa wakati mmoja ni takribani 80. Weka miadi mapema.

Kuhusu mikusanyo binafsi, ni vizuri kukumbuka kwamba hata makumbusho makubwa yalianzia huko. Huko Mulhouse, Ufaransa, ndugu wawili wa ukoo wa Schlumpf, wenye viwanda vya nguo, walikusanya mamia ya magari kwa siri, yakiwemo Bugatti nyingi kuliko mahali pengine popote, hadi mwaka 1977 wafanyakazi waliokuwa wakipoteza ajira walipoingia na kuyakuta. Mwaka 1982 milango ikafunguliwa kwa umma. Tangu niijue habari hiyo, siwezi kutazama mkusanyo wowote bila kujiuliza ni jasho la nani lililoulipia.

Mwenye mkusanyo humfungulia mlango mtu anayeuliza kuhusu kazi, na huufunga kwa anayeuliza bei. Mwandikie mapema, jitambulishe, taja gari unalotaka kuliona na sababu yake. Ukifika, vua pete na saa, geuza bizimu ya mkanda pembeni, usiguse rangi, wala usisambaze picha zinazoonyesha mahali magari yanapolala, kwani wezi nao husoma. Mimi hubeba korosho za nyumbani, na hakuna aliyewahi kuzikataa. Kisha muulize anavyoyatunza magari yasiyotembea, maana petroli huharibika ndani ya kabureta, mipira ya kuzuia mafuta hukauka, na tairi hubonyea upande mmoja gari lisipoinuliwa juu ya stendi. Akikubali kuliwasha gari moja mkiwa pamoja, umepata zaidi ya tiketi yoyote. Na kama analo gari ambalo halijapigwa rangi upya, omba hilo kwanza, kwa sababu michubuko yake huonyesha lilivyotumika, jambo ambalo rangi mpya huliondoa kabisa.

Mikoa yetu haijakosa mabaki. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulileta matrekta na malori hadi Nachingwea, pamoja na bandari ya Mtwara na reli iliyong'olewa baadaye, na bado ziko nyua za wazee zenye Land Rover zinazosubiri wanunuzi wa chuma chakavu. Kabla hujapanda basi, waombe wazee hao ruhusa ukanakili namba za chesisi na za injini, kwa kuwa namba hizo humwezesha mjuzi kutambua aina ya gari na kipindi lilipotengenezwa, nazo ndizo atakazokuuliza mwenye mkusanyo aliye makini utakapomwandikia.