Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Inayopozwa kwa Mkono Mmoja

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mkazi wa Tanga na kazi yangu ni kuhariri video za harusi na za mikutano. Nilipata kiharusi kilichouacha mkono wangu wa kulia bila nguvu ya kushika kitu, kwa hiyo kila jambo nalifanya kwa mkono wa kushoto. Nimenunua prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu zote za kompyuta) ya Ryzen 7 5700X ili niiongezee nguvu kompyuta yangu ya mezani, nikakuta haikuja na kifaa cha kuipoza. Dukani nimeshauriwa nichukue mfumo wa maji wenye feni mbili, kwa maelezo kwamba feni ya kawaida haiwezi kushindana na joto la pwani. Fundi ninayemwamini yuko mbali na hapatikani kila ninapomhitaji. Je, nichukue maji au feni, na ni kipi nitakachoweza kukitunza mwenyewe?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa maradhi, na hongera kwa kutoiacha kazi. Kwa prosesa uliyoitaja, chukua kipozaji cha hewa: kile chenye mapezi ya alumini, mirija ya shaba na feni moja ya milimita 120. Fedha itakayobaki itumie kununua kasha zuri la kompyuta, kwa sababu katika hali yako kasha lina umuhimu kuliko watu wa dukani wanavyokubali.

Tuanze na hilo la joto la pwani. Mfumo wa maji hauzalishi baridi. Maji huchukua joto kutoka kwenye prosesa, pampu huyasukuma hadi kwenye rejeta, yaani bamba la mapezi la kutolea joto, na hapo feni hulipeperusha joto hilo katika hewa ileile ya chumba chako. Chumba kikiwa na nyuzi 33, si maji wala feni itakayoishusha prosesa chini ya nyuzi 33. Faida ya maji huonekana pale joto linapokuwa jingi mno, kwa mfano kwenye prosesa ya Core i9-14900K, ambayo mtengenezaji wake ameiruhusu kufika wati 253 inapofanya kazi kwa nguvu zote. Yako imepangiwa wati 65, na huo ni mzigo ambao kipozaji cha kawaida cha mnara mmoja, yaani fungu moja la mapezi lililosimama, huubeba bila shida hata mwezi Februari.

Jambo la pili ni kutenganisha kazi ya kufunga na kazi ya kutunza. Kufunga hufanyika mara moja, na hata fundi wa mbali anaweza kusubiriwa kwa siku hiyo moja. Kutunza ni jambo la wiki kwa wiki, na hatalifanya mwingine isipokuwa wewe. Kwa hiyo usiulize tu ni kifaa gani kitashusha nyuzi tatu au nne zaidi; uliza kikiharibika jioni ya kuamkia siku ya kukabidhi kazi, ni nani atakayekifungua, na kwa mkono upi.

Kwa kipimo hicho mfumo wa maji unaanguka. Rejeta yake lazima ishikiliwe mahali pake juu au mbele ya kasha kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukikaza skrubu, na mipira yake ni migumu, hurudi kule isikotakiwa. Mifumo mingi ya aina hii hufungwa kiwandani na haikuandaliwa kufunguliwa, kwa hiyo pampu ikifa hakuna cha kutengeneza, mfumo wote unang'olewa na kutupwa. Kompyuta yenyewe haitaungua, kwa maana prosesa hujipunguzia kasi na mwisho hujizima joto likizidi, lakini kazi imesimama. Kipozaji cha hewa kina kitu kimoja tu kinachozunguka, nacho ni feni. Mapezi na mirija havina cha kufa, na feni mpya hupatikana karibu kila duka la vipuri vya kompyuta.

Hata hivyo vipozaji vya hewa havilingani, na hapa ndipo ninapokuomba uangalie kwa makini kabla ya kulipa. Vingi vya mnara hushikiliwa na skrubu mbili zenye springi, jambo jema kwa mtu wa mkono mmoja, maana bisibisi ndefu yenye sumaku hufika kwenye skrubu bila kuhitaji mkono wa pili. Kazi ngumu ni ya feni yenyewe. Mara nyingi huning'inizwa kwenye mapezi kwa vibanio viwili vya waya ambavyo ni lazima vivutwe kwa vidole huku feni ikizuiliwa isiteleze. Mwombe muuzaji akifungue kifaa mbele yako, kisha jaribu kuitoa feni na kuirudisha kwa mkono wa kushoto ukiwa palepale dukani. Akikataa, nenda duka jingine. Vipo vyenye fremu ya plastiki inayobanwa kwa kusukumwa tu, na hivyo ndivyo vya kutafuta.

Kuna njia nyingine ambayo si ya kuonewa haya. Kipozaji cha AMD, watengenezaji wa prosesa yako, kiitwacho Wraith Prism, kilichokuwa kikiwekwa ndani ya boksi la Ryzen 7 2700X na 3700X, hukaa kwenye soketi yako ya AM4, yaani kikalio cha prosesa, bila skrubu hata moja. Hutundikwa kwenye jino la plastiki upande mmoja, kisha upande wa pili wenzo mdogo unasukumwa kwa kiganja hadi ujifunge. Ni vingi mitaani kama bidhaa ya mtumba, kwa kuwa wanunuzi wengi walivitoa wakaweka vikubwa zaidi. Hasara yake ni kelele kazi inapopamba moto, nawe unasikiliza sauti za video, kwa hiyo pima mwenyewe. Kama unataka kifaa unachoweza kukitoa na kukirudisha bila kumsubiri mtu, hicho ndicho ningekichukua. Kama utulivu una thamani zaidi, chukua mnara, umwachie fundi kazi ya kuufunga.

Siku ya kufunga au kufungua, laza kasha kwa ubavu juu ya meza, mazabodi, yaani bamba kuu linalobeba prosesa, ikitazama dari. Likisimama wima, kipozaji kizito huning'inia na kukutaka uwe na mkono wa pili. Likilala, uzito wake wenyewe hukishikilia mahali pake. Skrubu kazeni kwa zamu, nusu mzunguko hapa na nusu mzunguko upande wa pili, ili kisikae upande. Na kabla ya kung'oa kipozaji cha zamani, iwashe kompyuta ifanye kazi dakika chache ili pesti ya joto, ule ute ulio kati ya prosesa na kipozaji, ilainike, uizime, uchomoe waya wa umeme, halafu ukizungushe kipozaji kidogo kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Ukikivuta moja kwa moja kikiwa baridi, kwenye soketi ya AM4 prosesa inaweza kutoka nacho, na pini zake zikipinda ni msiba. Soketi ya AM5 iliyotoka mwaka 2022 haina tatizo hilo, kwa sababu fremu ya chuma huishikilia prosesa kwa juu.

Sasa vumbi, ambalo ndilo kazi yako halisi. Chagua kasha lenye uso wa wavu na kichujio cha sumaku kinachobanduka kwa kuvutwa mbele. Kichujio hicho kikisuguliwa chini ya bomba na kukaushwa vizuri kivulini kinarudi mahali pake bila skrubu. Kagua pia kichujio cha chini, kile cha pawasaplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha: katika makasha mengi huvutwa kwa nyuma, maana yake ni kulizungusha kasha zima kila mara. Kinachovutwa kwa mbele au ubavuni ndicho kinachokufaa. Usivutwe na mlango wa kioo. Kioo ni kizito, na kikiteleza kutoka kwenye mkono mmoja hakuna wa kukidaka. Bati jepesi, au mlango wenye bawaba, ni salama zaidi. Kasha likae mezani, si sakafuni, kwa ajili ya mgongo wako na kwa ajili ya vumbi linalofagiliwa.

Ukipuliza ndani, tumia blowa ndogo ya umeme badala ya kopo la hewa, kwa sababu kopo hudai kidole kikae kimebonyeza muda wote, na mkono mmoja huchoka upesi. Kabla ya kupuliza, chomeka penseli katikati ya mabawa ya feni ili isizunguke, maana upepo wa blowa unaweza kuiendesha kwa kasi ambayo haikutengenezewa. Penseli ikishakaa, mkono wako umebaki huru kwa blowa. Mwisho wa yote hakikisha plagi ya feni imerudi kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN. Ina ukingo unaoifanya iingie kwa upande mmoja tu, kwa hiyo ikigoma usiilazimishe.

SWALI: Mimi ni dada ninayetumia kiti cha magurudumu baada ya kuumia uti wa mgongo, na ninaishi Nairobi. Naandika ripoti kwa kompyuta mpakato niliyoizoea kuiweka mapajani. Inapata joto sana. Je, ninunue kile kibao chenye feni kinachowekwa chini yake?

JIBU: Dada, kabla ya kibao, tafadhali iondoe mapajani leo. Mtu mwenye hisia kamili miguuni huisogeza kompyuta bila hata kufikiri pale inapomchoma. Aliyepoteza hisia hapati onyo hilo. Joto la nyuzi 44 likigusa ngozi kwa saa kadhaa linatosha kuiunguza, na sehemu ya chini ya kompyuta mpakato inayofanya kazi nzito inaweza kulipita joto hilo. Jeraha la namna hiyo kwa mtu anayekaa muda mrefu hupona polepole. Yakague mapaja yako kwa kioo cha mkononi, na ukiona wekundu usioondoka au alama kama wavu, muone daktari au muuguzi wako.

Kinachokufaa ni meza ndogo inayofungwa kwenye bomba za kiti, yenye ukingo wa kuzuia kompyuta isiteleze, na yenye matundu chini kwa kuwa kompyuta nyingi za aina hii huvuta hewa kwa tumboni. Kibao cha feni kinaweza kuongezwa juu ya meza hiyo na kitasaidia kiasi, ila kikiwekwa mapajani hakiondoi hatari. Mto na khanga ni vibaya zaidi, kwani huziba kabisa njia ya hewa. Jambo moja zaidi: ikiwa umeumia sehemu ya juu ya uti wa mgongo, huenda mwili wako hautoi jasho chini ya jeraha, kwa hiyo feni ya chumba ielekezwe kwako kwanza, kompyuta baadaye.

SWALI: Vidole vyangu vinatetemeka na siwezi kabisa kushika bisibisi. Je, ipo kompyuta isiyo na feni ya kusafisha? Msomaji, Dodoma.

JIBU: Ipo. Kompyuta mpakato za Apple za MacBook Air za tangu mwaka 2020 zenye chipu ya M1 hazina feni kabisa, na zipo pia kompyuta ndogo za mezani ambazo kasha lenyewe la alumini ndilo linalotoa joto. Kwa barua, intaneti na hesabu zinatosha vizuri, na vumbi la Dodoma halina feni ya kuingilia. Kwa kazi nzito ya muda mrefu zitapunguza kasi ili zisizidiwe na joto. Futa kasha kwa kitambaa kikavu, liache wazi pande zote, na usiweke karatasi juu yake.